Karatasi ya Kasereka na Jibini ya Philadelphia

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya misa ya pili marafiki hunizunguka kwenye uwanja wa parokia na kuniuliza Amerika ikoje. Nimewajibu mara nyingi kwa kifupi, na nimegundua kwamba majibu yangu yakifika upande wa pili wa uwanja yamekwisha kubadilika sura. Juzi nilisikia kutoka kwa mtu mwenye heshima zake kwamba nimepiga kwa mkono wangu kengele ya uhuru wa Waamerika. Sikuipiga. Hakuna aipigaye. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Pale nitakapoandika "niliona", mjue kwamba macho haya, pamoja na miwani yake, yalikuwapo. Pale nitakapoandika "niliambiwa", nitamtaja aliyeniambia, na kama yeye mwenyewe aliona au naye aliambiwa. Habari zisizo na mwenyewe nimeziacha njiani. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha pia, kwa kuwa yalishughulikiwa na binti yangu Riziki, aliyepelekwa Philadelphia kutoka kambi ya wakimbizi ya Uganda. Mimi niliweka sahihi tu pale alipoonyesha.

Kabla ya safari niliyoyaona ni haya. Mdogo wangu Bahati alikuwa fundi wa jibini, ambayo sisi huiita fromaji, katika kiwanda kidogo cha milima ya Masisi. Katika mwaka wa vita ambao kila mmoja wenu ana sababu yake ya kuukumbuka, alikimbilia kwangu Katindo, hapa mjini Goma, pamoja na mke wake, Mapendo. Siku ya nne aliondoka kurudi kilimani kugeuza jibini alizoziacha kwenye rafu, maana jibini changa isipogeuzwa huharibika upande mmoja. Nilimsindikiza hadi getini. Hiyo ni miaka kumi na mitano iliyopita, na sikumwona tena.

Niliyoyasikia ni haya. Jirani yetu Kasereka, mzaliwa wa Butembo anayeuza vitenge, alinijia na karatasi. Mpwa wake alikuwa amezuru Philadelphia, na Kasereka aliandika kila alichosimuliwa: mambo ya kuona, vyakula vya kula, mitaa ya kupita. Chini kabisa, kwa wino mwingine, aliandika: "Bahati wenu yuko kule. Anatengeneza fromaji kwa mapadri. Wanaiuza katika soko kubwa."

"Kasereka, wewe ulimuona?"

"Mimi hapana, Papa Prefe," alijibu, kwa jina ninaloitwa tangu nilipokuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari. "Ni mutoto wa dada yangu."

"Yeye alimuona?"

"Aliona fromaji. Iko na alama mbili za kidole gumba chini, kama za Bahati. Yeye alikuwa anainunua kwa Bahati siku zote, anaijua."

"Fromaji na mutu ni kitu kimoja?"

"Ah, Papa Prefe na wewe! Fromaji ya Masisi itajitengeneza yenyewe Amerika?"

Familia ilikuwa imeamua zamani kumfanyia Bahati matanga. Mapendo alikataa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mjane. Niliposoma karatasi ile mbele yake hakulia wala hakufurahi. Alisema tu: "Shemeji, uende, uone, urudi. Mimi niko mujane ao niko bibi ya mutu? Unijibu hiyo moja."

Kutoka Goma hadi Kigali

Mapendo alinifungashia jibini moja nzima ya Masisi ili niwe na kielelezo cha kulinganisha. Aliitia katika mfuko wa plastiki. Kwenye mpaka, afisa wa upande wa pili aliuchukua mfuko akaniachia jibini, kwa sababu katika nchi ile mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Nilimwuliza niibebe vipi. Alinijibu kwa adabu kubwa kwamba jambo hilo halimo katika sheria.

Kwa hiyo nilipanda basi la Kigali nikiwa na koti langu la misa na jibini kwapani, uchi kama ilivyozaliwa. Mama aliyeketi karibu nami alikuwa na furushi la sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwa saa tatu vitu hivyo viwili viligombania hewa, na dereva alifungua dirisha lake.

Brussels, ambako sikupanga kukaa

Ndege ilitua asubuhi. Tukatangaziwa kwamba ndege ya pili haitaondoka, kwa kuwa New York imefunikwa na theluji. Nilitazama nje: jua lilikuwa linawaka. Nilimwuliza mfanyakazi mmoja kwa Kifaransa kama yeye mwenyewe ameiona hiyo theluji. Alinipa kuponi ya chakula.

Kuponi ilikuwa ya mkate mmoja na maji. Karibu nami aliketi mama wa Kinshasa, mfanyabiashara wa nywele za bandia, aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe Montréal. Yeye alijua Kilingala na Kifaransa, mimi Kilingala changu kinaishia kwenye salamu, tukazungumza Kifaransa.

"Papa, umebeba gurudumu?"

"Ni kielelezo."

"Kielelezo kinanukia vizuri. Tangu asubuhi nakula mkate mkavu, na wewe umekumbatia fromaji kama mtoto mchanga! Unaipeleka ubatizo?"

Nilimweleza habari yote ya Bahati. Alisikiliza, akasikitika kwa dhati, na alipomaliza kusikitika akaniuliza kama ladha ya fromaji nitaisahau nikiila. Nilikiri kwamba sitaisahau. Visu havipatikani ndani ya kiwanja cha ndege. Yeye alitoa uzi wa kushonea nywele, akauzungushia jibini na kuikata vipande laini kuliko vya kisu. Jambo hilo niliona, na ninawapendekezea. Kufikia jioni, ndege ilipotangazwa, kielelezo hakikuwapo tena. Bado sielewi vizuri jambo hilo lilitokeaje.

Kuingia New York

Ofisa aliniuliza kama nimekuja kwa kazi au kwa matembezi. Kiingereza changu ni cha vitabu, na nilitaka kujibu sawasawa. Nilimwambia kwamba si kwa hili wala kwa lile: nimekuja kuthibitisha.

"Kuthibitisha nini?"

"Jibini."

Walinipeleka katika chumba cha pembeni na kunipa simu. Upande wa pili alikuwapo mkalimani, na kwa lafudhi nilimtambua kuwa mtu wa pwani.

"Shikamoo, mzee wangu. Hawa mabwana wanauliza, hiyo jibini unayo mkononi?"

"Marahaba. Tuliila Brussels."

"Yote?"

"Yote."

Alitafsiri. Nilisikia watu wawili wakicheka, na mmoja wao hakuwa mkalimani. Waligonga muhuri. Hadi leo sijui kama niliaminiwa au nilihurumiwa.

Riziki alikuwa ananingoja nje na koti zito la mume wake. Tulisafiri kwa gari saa mbili. Theluji niliiona, tena nyingi. Yule mfanyakazi wa Brussels alisema kweli, ingawa hakuiona.

Philadelphia: mambo ya kuona

Karatasi ya Kasereka ilianza na kengele, nami nilianza nayo. Mnaotaka kwenda, nendeni asubuhi mlango unapofunguliwa, maana baadaye mstari hufika barabarani. Hapalipwi kitu. Kengele yenyewe ni ya shaba nyeusi, ina ufa unaopanda kutoka ukingoni, na imewekwa ndani ya nyumba ya vioo, inalindwa na askari. Watu hutoka mbali kuitazama kengele isiyolia, nao husimama mbele yake kimya kama wanaongoja ilie. Nilisimama pamoja nao. Nilijikuta nami ninangoja.

Ng'ambo ya bustani upo ukumbi wa matofali ambamo wawakilishi wao walitangaza uhuru. Nilifundisha tukio hilo miaka thelathini kwa chaki na ramani, kwa hiyo niliingia kwa heshima. Niliona meza zenye vitambaa vya kijani na kalamu za manyoya ya ndege. Mwanamke aliyetuongoza alisema waziwazi kwamba samani nyingi si zile za siku ile, ni za wakati ule tu. Huyo nilimpenda.

Nje mambo yaliharibika. Bwana mmoja aliyevaa suruali fupi, soksi ndefu na kofia ya pembe tatu alitukaribia akatuambia kwamba ametoka mkutanoni sasa hivi, na kwamba wajumbe wamegombana vibaya.

"Riziki, mwulize: yeye mwenyewe alikuwa ndani?"

Riziki hakutaka, lakini aliuliza. Bwana yule aliweka mkono kifuani akasema alikuwa karibu na dirisha.

"Mwulize mwaka wake wa kuzaliwa."

Alitaja mwaka wa karne ya kumi na nane bila kupepesa macho.

"Papa, tuende," Riziki alininong'oneza. "Huyu ni mutu wa teatri. Ni kazi yake."

"Kazi yake ni kutoa ushahidi wa uongo mbele ya batu?"

"Batu banapenda, Papa!"

"Mwambie mimi ni prefe wa shule, na kwangu angerudia mwaka."

Sijui Riziki alitafsiri nini. Bwana yule aliinama, akavua kofia na kunipa mkono, na watoto wa Kiamerika wakatupigia makofi sisi wote wawili. Nilipokea mkono wake. Sikuelewa nilikuwa nimekubali nini.

Mbele kidogo upo uchochoro wa nyumba ndogo za matofali, zenye milango ya rangi na mawe ya mviringo chini. Karatasi inasema ndio mtaa wa zamani kuliko yote nchini humo. Sikuwa na njia ya kupima. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wanaishi humo hadi leo: mwanamke alifungua mlango, akaona tunautazama, akaufunga.

Philadelphia: mambo ya kula

Chakula kinachosifiwa kuliko vyote ni mkate mrefu uliojazwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba mno na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Nyama ni nzuri, kuleni. Lakini tahadharini. Muuzaji aliniuliza ninataka jibini gani, na nilipoomba ya hapohapo mjini alichota kwa mwiko kitu cha manjano, cha majimaji, akakimimina juu ya nyama kama fundi anayepaka ukuta rangi. Niliona kopo lake. Mimi ni mtoto wa Masisi. Nilimwambia Riziki amwulize ng'ombe gani hutoa kitu kama kile. Riziki alikataa kabisa kuuliza.

Ule mkate uliopindwa kama fundo la kamba na kunyunyiziwa chumvi ya mawe ni mzuri ukiwa wa moto, pamoja na haradali. Ukipoa ni wa kufundishia uvumilivu. Barafu ya ndimu, ambayo Kasereka ameipigia mistari miwili, huuzwa wakati wa joto tu. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Sikuila, basi siisemi.

Chakula kilichonishangaza ni kipande cha kijivu cha mraba ambacho mume wa Riziki, Faustin, alinikaangia asubuhi. Kwa sura kinakatisha tamaa. Nilionja, nikaweka uma chini, nikaonja tena.

"Faustin, hii ni bugali."

"Njo hivyo, Papa. Ni bugali ya mahindi na nyama ya nguruwe ndani. Bo banaikata banaikaanga. Hata sisi tulistuka."

Nilikula vipande vitatu. Mtu wa Goma atakayekwenda kule akachoka na mikate, atafute hicho.

Sokoni

Soko kubwa liko chini ya kituo cha zamani cha garimoshi. Nililiacha hadi siku ya tano na nitawaambieni kwa nini: niliogopa. Kila siku niliyozunguka kwenye majumba na makanisa ilikuwa siku ambayo Mapendo bado ana mume.

Tulipofika niliwaona mara moja, kama karatasi ilivyosema: wanaume wenye ndevu ndefu na kofia nyeusi, suruali za kamba mabegani, na wanawake wenye nguo ndefu na vitambaa vyeupe vichwani. Kwetu Masisi jibini ililetwa na mapadri, na kila mtoto wa kilimani anajua kwamba mzungu mwenye ndevu anayesimama nyuma ya jibini ni mtu wa Mungu. Nilivua kofia, nikapiga hatua mbele, nikamsalimu mzee wao kwa Kifaransa: "Mon Père." Kisha nikamgeukia mwanamke aliyesimama kando yake: "Ma Sœur," kama tunavyowaita masista. Nikawaomba baraka kwa ajili ya jambo lililonileta.

Walinitazama. Mwanamke aliweka mikono yake juu ya tumbo lake, nikaona kwamba alikuwa na mimba ya miezi mingi.

Sitawaficha kwamba nilirudi nyuma hatua mbili.

"Papa," Riziki alisema huku ameshika uso wake, "hawa si mapadri. Ni bakulima. Ni Waamishi, dini yao njo inawavalisha vile. Huyu ni bwana, yule ni bibi yake!"

"Na ndevu?"

"Kila mwanaume akiisha kuoa anaziacha."

Kwa hiyo zile ndevu, ambazo mimi nilizisoma kuwa nadhiri ya useja, ni cheti cha ndoa. Nilihitaji kukaa. Mwanamke yule aliniletea kiti na kikombe cha maziwa ya moto, bila kuonyesha kwamba ameudhika.

Niliomba kuona jibini. Aliniletea ya duara, ya manjano iliyokolea. Niliigeuza. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na mabonyeo mawili ya kidole gumba, moja kando ya lingine. Niliweka gumba langu juu ya moja, kisha juu ya la pili.

"Nani anaitengeneza hii?" Riziki aliuliza.

Mwanamke alisema inatoka shambani kwa binamu yao, mwendo wa saa moja na nusu, na kwamba anayeitengeneza ni mwanaume wa Kongo. Jina? Alisema wao humwita fundi. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ni siku ya Bwana, hawapokei wageni wa kazi. Tungoje Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kanisani na Riziki. Msiniulize mahubiri yalihusu nini.

Shambani

Njiani tulipitwa na magari meusi yanayovutwa na farasi, au tuseme tuliyapita, katika nchi ambayo niliambiwa kila kitu ni mashine. Niliacha kujaribu kuelewa. Riziki aliegesha mbele ya nyumba nyeupe isiyo na nyaya za umeme. Mlango wa kiwanda ulikuwa wazi. Ndani, mwanaume mwenye buti za mpira na aproni nyeupe alikuwa amenipa mgongo, anageuza jibini moja baada ya nyingine, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini.

"Bahati!"

Aligeuka. Hakuwa Bahati. Alikuwa mrefu zaidi, na uso wake sikuupata popote katika kumbukumbu zangu. Yeye alinitazama miwani, akatazama koti langu, akasema:

"Papa Prefe?"

"Nani amekupa jina hilo?"

"Bahati. Alisema kaka yake ni prefe, na kwamba anauliza batu maswali mpaka banakauka."

Jina lake ni Janvier. Alikuwa mfanyakazi mwenzake Bahati kule kilimani, na alipelekwa Amerika kutoka kambi ya Uganda kama Riziki. Alama mbili ndiyo desturi aliyofundishwa na Bahati: gumba mara moja jibini inapotoka kwenye kikandamizo, mara ya pili inapogeuzwa kwanza, ili fundi asisahau. Mpwa wa Kasereka aliona jibini. Kasereka akaandika mtu.

Alinikalisha kwenye kreti kati ya rafu. Alisema kwamba siku ile Bahati alifika kilimani na akazigeuza jibini zote, lakini barabara ya Sake ilikuwa imekatika nyuma yake. Wao wawili walikimbia kwa miguu kupitia Kitchanga hadi Rwindi, wakateremka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, wakitafuta mtumbwi wa kuvuka ziwa kuingia Uganda. Hapo Vitshumbi homa ilimwangusha.

"Ulimuona akikufa, ao uliambiwa?"

"Nilikuwa nimeshika kichwa chake, Papa."

"Tarehe gani?"

"Mutu anayekimbia hana kalandari."

"Alikula nini siku ile?"

Janvier aligeuza jibini moja zaidi. "Hakukula. Bavuvi balituletea samaki, mukubwa sana. Akakataa. Aliwaambia: 'Mwanaume wa Masisi hawezi kufika kwa Mungu akinuka samaki.' Balimucheka, na yeye akacheka. Akaomba maziwa ya kuganda. Sasa kule Vitshumbi maziwa itatoka wapi, Papa? Nilizunguka nyumba zote."

Mdogo wangu hakupata kula samaki maishani mwake, na mama yetu alimgombeza kwa hilo hadi alipooa. Jambo hilo halikuandikwa popote. Nilimaliza maswali.

Lakini hasira yangu haikuisha, na nilihitaji mtu wa kuibeba. "Miaka kumi na mitano! Ulishindwa kututumia habari?"

"Nilituma, Papa. Mara tatu. Wawili hawakufika. Wa tatu alifika kwenu Katindo, mwaka wa pili. Muvuvi mumoja mwenye kofia ya sufu ya kijani. Alinipigia simu, akaniambia: 'Nilifika kwa geti ya muzee. Akaniuliza kama ni mimi nilizika. Nikasema hapana, ni Janvier. Akasema, basi Janvier akuje mwenyewe, mimi sipokei habari za barabarani. Akafunga geti.'"

Ninaikumbuka ile kofia. Ilikuwa na tundu juu ya sikio. Hilo siliwekei alama ya "niliambiwa". Hilo niliona, nilikuwa upande wa ndani wa geti.

Janvier alinichorea kaburi kwenye karatasi ya kufungia jibini: vichanja vya kukaushia samaki, njia ya kwenda majini, jiwe jeupe, hatua ishirini. Aliniuliza kama mkewe Bahati bado yupo. Nilisema yupo, na anangoja. Alikwenda akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kurudi

Safari ya kurudi ilichukua siku mbili. Sikumbuki nilikula nini, wala nilikaa na nani.

Mapendo nilimkuta uani, mchana, anachagua maharage. Sikuanza na Bahati. Nilianza na mtu mwenye kofia ya kijani, kwa sababu nilijua kwamba nikianza na mengine sitalifikia hilo. Alisikiliza hadi mwisho. Mikono yake iliendelea kuchagua maharage, lakini ilikuwa inatupa mazima na kuacha mabovu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Sikujua. Niliambiwa tu."

"Shemeji, mimi ningetaka kuambiwa."

Niliinama nikaokota maharage mazima aliyoyatupa. Baadaye alisema kwamba anataka kuona lile jiwe jeupe la kaburini, na kwamba nitakwenda naye.

Kutoka Goma kuelekea Vitshumbi

Tuliondoka asubuhi kwa gari la jirani, mimi, Mapendo na dereva. Tulipofika Kibumba barabara ilikuwa imejaa watu wanaoteremka kuja upande wetu, magodoro vichwani, mbuzi kwenye kamba. Penye kizuizi askari mmoja aliinamia dirisha.

"Muzee, munaenda wapi? Hamuoni batu banakimbia?"

"Vitshumbi. Kuona kaburi."

"Barabara imekatwa. Mbele kunalia masasi. Rudieni."

Nilimwambia kwamba nimetoka hadi Philadelphia kwa ajili ya kaburi hilo.

"Philadelphia?" aliuliza, na hakuwa anafanya mzaha. "Hiyo iko mbele ya Rutshuru ao nyuma?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Wakati huo Mapendo alikuwa amekwisha kushuka. Alitembea hadi kando ya barabara, mahali ambapo wanawake wa Kibumba huuza karoti na kabichi, akatazama kaskazini kwa muda. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakitandaza juu ya mawe, akaketi na miguu yake ameinyoosha mbele, kama mjane anavyokaa, akamlilia mume wake kwa jina.

Wauza karoti waliacha mabeseni yao. Mmoja alikuja akaketi karibu naye, akafungua kitambaa chake, akalia. Akaja wa pili. Walikuja wengine kutoka kwenye msururu wa wakimbizi, wakaweka mizigo chini, wakaketi. Hawakumwuliza ni nani aliyekufa, wala lini, wala kama aliona.

Walikuwa saba. Niliwahesabu mara mbili, kisha nami nikaketi chini.